Waya Mbili: Wimbo Gani Namba Moja

Jumatatu, 28 Aprili

Nimejaza nyimbo kwa flashi za boda boda kibao kabla ya chai, na bado nasema: kutoka hapa Kitale hadi mpaka wa Uganda hakuna masikio kama yangu. Mungu alipokuwa anagawa masikio nilipanga foleni mara mbili. Mara ya pili nilivaa kofia nisitambulike. Shule iliniacha kidato cha pili. Hasara ni ya shule.

Mvua tangu asubuhi. Matope hadi mlangoni mwa kibanda. Rashidi ametandika gunia. Rashidi ndiye mwenzangu hapa: yeye anatengeneza chaja na spika, mimi najaza watu nyimbo na kupendeza. Kazi yangu ni ngumu zaidi.

Grupu yetu ya WhatsApp, ya mashabiki wa Waya Mbili, imeamka vizuri. Waya Mbili ni majamaa wawili wa Bungoma, mmoja kinanda cha umeme na mashine ya ngoma, mwingine kuimba. Walitoa kaseti zao sisi tukiwa bado tunafungwa viatu, halafu kimya. Mwimbaji yuko Mombasa na hataki kusikia habari za muziki. Tumebaki na nyimbo kumi na mbili za kwanza, zinazunguka kwa flashi. Nusu ya grupu ni Kitale, nusu ni Bungoma. Adimini ni mimi. Nani mwingine?

Nyimbo za flashi za Bungoma zote zinavuta kidogo, polepole kuliko zetu. Tunawaambia ni joto la kwao. Wao wanasema zetu zinaimbwa na vifaranga. Wivu.

Jumatano, 30 Aprili

Vita.

Nimeweka orodha yangu kwa grupu. Namba moja, “Mbio za Asubuhi”. Haina maneno, kinanda tupu, lakini inakimbia kama kuku amefunguliwa. Ukiisikia unataka kufua nguo za jirani. Namba kumi na mbili, mkiani kabisa, “Kwaheri ya Treni”, ile ya flashi za Bungoma. Nayo haina maneno. Inatambaa. Nikaandika: huu ni wimbo wa mtu mwenye malaria anatafuta choo gizani. Watu wakacheka hadi mmoja akasema ameangusha chapati.

Nanjala akajibu. Nanjala anashona yunifomu za shule kule Kanduyi na mdomo wake unakata kuliko mkasi wake. Amegeuza orodha juu chini. Kwake “Kwaheri ya Treni” ndiyo namba moja, na “Mbio za Asubuhi” ni mkia. “Hiyo yenu ni panya wamefungiwa kwa debe.”

Panya kwa debe. Nilicheka peke yangu. Sitamwambia.

Ijumaa, 2 Mei

Rashidi amempata Mzee Wafula!

Mzee Wafula mwenyewe, wa kinanda. Siku hizi analima miwa Kabuchai na kupiga kinanda kanisani. Mjomba wa Rashidi anauza spea za baiskeli Bungoma, karibu na msikiti, na mzee hununua cheni pale. Rashidi amemsumbua mjomba tangu mwaka jana. Leo mzee amekubali. Atakuja Kanduyi, ukumbi wa nyuma ya hoteli ya shangazi yake Nanjala, Jumapili ya tarehe kumi na moja. Atapiga wimbo mmoja tu, ule mashabiki watachagua. Mmoja, basi. Ameapa hatarudia tena maisha yake, mgongo unamsumbua na bibi yake anamcheka.

Mimi nawapenda Waya Mbili. Rashidi anaishi ndani yao. Alitengeneza kinanda chake mwenyewe kutoka kwa toi ya mtoto na betri ya pikipiki. Kinalia kama mbuzi ana mafua. Leo alishika simu na mikono yote miwili na akasema anataka kuona mikono ya mzee tu. Aione mikono, hata asipopata soda ni sawa.

Nikamwambia mimi nitapata soda mbili.

Nikatangaza kwa grupu. Nilisema “tumempata”. Sio uongo. Kibanda ni kimoja.

Jumapili, 4 Mei

Rashidi amerukwa na akili.

Ameshinda ndani leo na vifaa vya masikio, anasikiliza, anarudi nyuma, anasikiliza. Jioni amenijia ati “Mbio za Asubuhi” na “Kwaheri ya Treni” ni wimbo mmoja. Ati kaseti yetu ilinakiliwa na mashine iliyokimbia na yao na mashine iliyochoka. Ushahidi? Mwishoni kuna mtu anakohoa. Kweli yupo, tunamjua sote. Kwa yetu anakohoa kama mtoto, kwa yao anakohoa kama babu.

“Ni kikohozi kimoja bana. Sikia vile anavuta pumzi kabla.”

Kikohozi! Nimemwambia kama ni hivyo basi mimi na nyanya yangu pia ni mtu mmoja, sote tulikohoa wiki jana. Nikacheka sana. Yeye hakucheka. Ameweka maneno yake kwa grupu, na vipande viwili vya sauti.

Jumatatu, 5 Mei

Siku mbaya.

Grupu imegawanyika, lakini kitu kimoja wote wameelewa haraka sana: kama Rashidi anasema ukweli, basi mimi nimeweka wimbo mmoja kuwa namba moja na tena kuwa wa mwisho. Nimeusifu kama malaika na nikauita malaria. Nanjala amefanya vilevile lakini hakuna mtu anamkumbuka Nanjala. Wananikumbuka mimi. Picha za masikio zimetumwa, masikio ya punda, masikio ya sungura. Nanjala akauliza, “Adimini, hiyo ngoma unaipenda Jumatatu ama Jumanne?”

Nilikasirika. Naandika hivyo hivyo, nilikasirika. Nikamtoa Rashidi kwa grupu. Kidole kimoja tu.

Alikuwa amekaa mbele yangu, anachomelea waya wa chaja. Simu yake ikalia. Akaisoma. Akaweka kichomeleo chini polepole, kama mtu anaweka yai.

“Sawa bana,” akasema.

Nikawasha spika.

Jumanne, 6 Mei

Kibanda ni kikubwa leo. Rashidi ameenda Bungoma kumsaidia mjomba dukani siku chache. Ameacha chaja za wateja zimepangwa vizuri, kila moja na jina. Amebeba kinanda chake. Mlangoni akasema, “Tutaonana Jumapili Kanduyi.” Hakununa. Ningefurahi kama angenuna kidogo.

Mteja ameleta spika inayonguruma. Nimemwambia arudi wiki ijayo, fundi mkuu yuko safarini. Fundi mkuu! Na mimi ni nani?

Alhamisi, 8 Mei

Mambo yamebadilika. Mzee Wafula amempigia Nanjala. Jumapili kanisa linamtaka, askofu anakuja Kabuchai. Kwa hivyo ni Jumamosi, saa nane. Nimeandika kwa grupu kwa herufi kubwa. Watu wamejibu na vidole gumba hadi simu ikapata joto.

Kura pia zimeisha. “Mbio” na “Kwaheri” zimefungana kabisa. Kitale wote huku, Bungoma wote kule. Nimependekeza adimini apige kura ya pili. Nanjala amependekeza adimini apigwe.

Amesema tumwachie mzee aamue. Nimekubali, kama mtu mkubwa.

Ijumaa, 9 Mei

Nimenyolewa. Nimepiga pasi shati la bluu. Nimependeza isivyo halali.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike pole pole nisisahau.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na mabango ya harusi ya jana bado ukutani, na harufu ya mandazi kutoka jikoni kwa shangazi. Sisi wa Kitale tulikaa kushoto, Bungoma kulia, kama kanisani. Nanjala ni mfupi kuliko sauti yake. Akaniangalia juu hadi chini. “Kumbe ni hivi tu?” Nikamwambia hajaniona nikiwa nimesimama vizuri.

Mzee Wafula akaingia na kinanda kimefungwa kwa blanketi la mtoto. Suruali ya kanisani, gambuti za shamba. Watu wakapiga makofi akageuka kuangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine.

Tukamweleza shida yetu. Nanjala kwanza, halafu mimi, halafu wote pamoja. Mzee akasema tumchezee. Nikamchezea “Mbio za Asubuhi” kwa simu. Nanjala akamchezea “Kwaheri ya Treni”. Mzee alisikiliza zote na kichwa kimeinama. Kilipofika kikohozi cha pili akaanza kucheka hadi akatoa kitambaa.

“Huyo ni mimi,” akasema. “Nilikuwa na homa.” Akatuangalia sote, kushoto na kulia. “Watoto wangu, huu ni wimbo mmoja. Wa hawa unakimbia, wa hawa umelala. Hakuna wenye uko sawa.”

Ikazuka kelele ambayo sijawahi kusikia hata kwa mechi. Wa Bungoma wakatucheka, sisi tukawacheka, halafu tukaona hakuna wa kucheka mwenzake. Mtu akapiga kelele, “Unaitwa nani basi?” Mzee akasema, “Hatukuupa jina, hayo ni yenu. Tulikuwa tunajaribu mashine tukingoja chai.”

Akafungua blanketi. Akapiga.

Sijui kuandika hii. Nilikuwa naujua huo wimbo, nimeujaza kwa flashi za watu miaka, na sikuwa naujua. Haukukimbia. Haukutambaa. Ulitembea kama mtu anayejua njia ya kwao. Pale kwetu panaruka, paliinama. Pale kwao panalia, palitabasamu. Hakuna mtu mle ndani alikuwa amewahi kuusikia, na wote tuliujua kila noti. Mwanamke mmoja wa Bungoma alilia na hakujificha. Nanjala aliacha mdomo wazi, kwa mara ya kwanza bila kitu kutoka.

Mwishoni mzee akakohoa, makusudi. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Nimerekodi video. Uso wangu umetoka vizuri sana, mzee yuko nyuma ya bega langu.

Kurudi tuliimba njia yote, wimbo usio na maneno. Kila mtu aliuimba kwa mwendo wa mzee.

Jumapili, 11 Mei

Furaha. Grupu haijalala. Orodha mpya: nyimbo ni kumi na moja, na ya kwanza haina jina. Kitale na Bungoma wamekubaliana, kitu ambacho hata viongozi hawajafanya. Nimekubali hadharani kwamba kikohozi ni kimoja. Wamenisamehe, na punda mmoja wa mwisho.

Saa kumi Nanjala amepiga. Hakuwa na mzaha. Amesema kulikuwa na kijana ukumbini kwa shangazi, alikaa tangu saa saba, amevaa kanzu safi, na katoni miguuni. Shangazi alimuuliza anangoja nani. Akasema anangoja Waya Mbili. Ndani ya katoni kulikuwa na kinanda kidogo cha betri, alitaka mzee akione.

Shangazi ndiye alimwambia ilikuwa jana. Alimpa chai. Alikunywa yote, akashukuru, akabeba katoni akaenda.

Nimezima simu.

Jumatatu, 12 Mei

Rashidi amerudi. Alifika kabla yangu, akafagia matope. Spika inayonguruma imepona, ilikuwa waya tu.

Nilimrudisha kwa grupu jana. Hajaandika kitu. Nilimpa video, akaiangalia hadi mwisho, simu karibu na macho. Akauliza kitu kimoja tu: ile besi ya chini, mzee alikuwa anaipiga na mkono wa kushoto ama ilikuwa mashine? Nikasema sijui. Kwa video mikono haionekani. Nimeiziba mimi.

“Haidhuru,” akasema. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nimempigia mzee mchana. Hakushika. Jioni bibi yake ameshika, akasema kinanda kimerudi kanisani na mzee amesema ile ilikuwa ya mwisho. Kwa upole, lakini amesema.

Yote yalienda vizuri wiki hii. Grupu, ukumbi, wimbo, hata Nanjala ananitumia salamu bila matusi. Nimejiambia mchana wote nilisahau, siku ilibadilishwa kwa haraka, mambo yalikuwa mengi. Lakini Ijumaa nikitoka kunyolewa nilikumbuka. Nilitoa simu. Nilifungua jina la Rashidi, nikaandika “Ni Jumamosi, sio J”. Halafu nikafuta. Nilitaka aanze yeye. Nilitaka aombe kidogo kwanza.