Barua Pepe Zilizorudi Kutoka kwa Mtambo

UMOJA WA WASTAAFU WA KIWANDA CHA VIBERITI

Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 9 Machi, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, kuanzia saa nne asubuhi (kilipangwa saa tatu).

WALIOHUDHURIA (kwa majina tuliyoitana kiwandani)
Mama Msimamizi – Mwenyekiti
Bwana Stoo – Mjumbe wa Mawasiliano
Mtambo – mwanachama, alikuja bila kualikwa
Katibu

HAKUHUDHURIA
Mweka Hazina – udhuru wa jino, kama mwezi uliopita

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wamkumbuke marehemu Kipenga, aliyekuwa akipuliza filimbi ya zamu kiwandani. Mtambo alisema kwamba kabla ya kumkumbuka rafiki yake angependa kwanza aelezwe kwa nini hakuambiwa.

KUMB. NA. 2/3: BARUA PEPE ZILIZORUDI
Mwenyekiti alieleza kwamba matangazo ya ugonjwa wa Kipenga, na baadaye ya msiba wake, yalitumwa kwa wanachama wote kwa barua pepe. Mtambo, ambaye siku hizi anaishi kwa binti yake mji mwingine, hakupata hata moja, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshafutwa kwenye orodha.

Bwana Stoo alijitetea kwamba barua za Mtambo zilirudi mara tatu, na kwamba kule stoo ya kiwanda, miaka yote, mzigo ukirudi mara tatu mteja hufutwa. Aliulizwa kama alisoma sababu ya kurudi. Alijibu kwamba kilichorudi kimerudi.

Katibu aliisoma sababu hiyo kwa sauti: kisanduku cha mpokeaji kimejaa. Ilifafanuliwa kwamba hilo si sawa na anwani isiyokuwepo. Mwenye kisanduku kilichojaa bado yupo, anasubiriwa tu apunguze.

Mwenyekiti alieleza, kwa masikitiko makubwa, kwamba kila alipokwenda hospitali kumwona, Kipenga alimuuliza, "Mtambo anakuja lini?" Naye alimjibu kwamba Mtambo ameshaandikiwa. Siku ya mwisho Kipenga alisema, "Basi mwacheni, labda amenichoka."

Bwana Stoo alisema, "Ndugu yangu, nisamehe. Namba yako ya simu ninayo siku zote." Mtambo alisema amesikia. Katibu ameandika kama ilivyosemwa.

KUMB. NA. 3/3: MAAZIMIO
(a) Barua ikirudi, sababu isomwe kwanza, na mwanachama apigiwe simu kabla jina lake halijaguswa.
(b) Jina la Mtambo lirudishwe leo hii.

Kuhusu (b), Bwana Stoo alimwomba Mtambo apunguze vilivyomo kwenye kisanduku ili barua ziweze kuingia, akauliza kimejazwa na nini. Mtambo alijibu kwamba ni picha. Kipenga alikuwa akimtumia kila asubuhi: paka wake, kikombe cha chai, geti la kiwanda lenye kufuli.

"Sifuti hata moja," alisema. "Nyie nipigieni."

Iliafikiwa.

Hapakuwa na la kuongeza. Kikao kilifungwa saa tano na nusu.

……………………
Mwenyekiti

……………………
Katibu