Kisanduku cha Hakupatikana

Jumatatu, 1 Julai
Nyumba tisa kabla ya adhuhuri. Hodi, karibu, mtoto hajambo, kanywa matone yake? Natia vema daftarini, nashuka ngazi, mlango mwengine. Mwanangu Nasra nimemfunga kifuani. Kalala njia nzima.

Bi Zuhura, nesi wetu, kalisifu daftari langu mbele ya wenzangu tunaopita majumbani. Hakuna mkato, hakuna doa. Mie nliyeishia kidato cha pili. Nimefurahi hadi nikaona haya.

Nasra naye yumo kwenye utafiti huu wa matone. Nilimwandikisha mwenyewe, namba moja, wa kwanza Malindi nzima, hapa Unguja. Matone ya kuongeza damu, kila asubuhi. Chupa zina vifuniko vya rangi mbili, kijani na nyeupe. Moja ina dawa, moja maji matamu tu. Hata Bi Zuhura hajui ipi ni ipi. Nasra kapata kijani. Nimemuomba Mungu kijani ndiyo iwe dawa.

Jumatano, 3 Julai
Mama mmoja kaniambia matone haya yana baraka, mtoto hamsumbui tena. Nyumba ya pili, maneno hayo hayo. Watoto wamepoa, kama si wao. Ukipanda ngazi asubuhi husikii kilio.

Nimeandika: Hajambo. Hajambo. Hajambo.

Jumatatu, 8 Julai
Time na mwanawe hawapo. Mara ya tatu sasa. Time ni wa Jambiani kama mie, tumeolewa Malindi mwaka mmoja. Kanijibu mavyaa wake, mama wa mumewe, mlango nusu, mikono ina unga. Kasema kenda kwao. Nikasema haya bibi, akirudi msalimie.

Sikuuliza kwa nini. Haulizwi. Mke akienda kwao huenda kagombana na mumewe, huenda kapewa talaka. Mgeni anayeuliza anatafuta la kusengenya. Ndivyo mama alivyonilea. Mara tatu hakuonekana, natia vema kwenye kisanduku cha "Hakupatikana".

Huyu wa sita. Vema imenyooka vizuri.

Alhamisi, 11 Julai
Kituo cha afya. Dada Rahma kaja kutusomea matokeo ya miezi mitatu ya mwanzo. Yeye ndiye wa takwimu. Hagusi watoto, anagusa hesabu zao. Anaandika makala ya jarida la madaktari. Katuonesha jedwali ukutani. Watoto wa rangi moja damu imepanda kuliko wenzao, rangi gani hakusema. Kasema tofauti hii si ya bahati, hesabu imeipima. Nimelipenda neno hilo. Madhara makubwa: hakuna. Tukapiga makofi.

Chini ya jedwali palikuwa na mstari mdogo mdogo. Nikauliza. Kasema hao ni waliokosekana, wameondolewa, maana asiyepimwa humuweki kwenye kipimo. Wachache tu. Bi Zuhura kacheka, kumbe Mama Nasra anasoma hadi chini.

Nimerudi nyumbani na mstari ule kichwani. Sijui kwa nini.

Jumapili, 14 Julai
Nasra kalala tangu magharibi hadi jua limetoka. Nimeamka maziwa yameroweka gauni. Mavyaa wangu kasema nishukuru, wenzangu hawapati usingizi.

Nimeshukuru. Nikampa matone yake.

Jumanne, 16 Julai
Hadi nimkune unyayo ndo kaamka. Kanyonya kidogo, kalala tena. Baba Nasra kasema mtoto anakua.

Naogopa. Sijui naogopa nini.

Ijumaa, 19 Julai
Nimekwenda kwetu Jambiani kumtazama mama, mguu unamsumbua. Time hata sikumfikiria. Nikamkuta mferejini, anateka maji. Kifuani hana mtoto. Nikamuuliza yuko wapi, nikidhani kamwacha kwa bibi yake.

"Tushamzika," kasema. "Wiki mbili leo."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ndoo ilijaa ikamwagika, hakuna aliyefunga mfereji.

Alianza kulala sana, ndivyo alivyonieleza. Kisha akawa hanyonyi. Time akamleta kwa mama yake, maana mtoto akiumwa unakwenda wapi tena. Hospitali walimpeleka mwisho kabisa. Wakaulizwa kama kuna dawa anayokunywa, wakasema hapana. Matone hawakuyahesabu dawa. Tuliambiwa ni ya afya tu. Mie mwenyewe nlimwambia hivyo, mlangoni kwake.

Nikamuuliza kifuniko rangi gani. Aibu iliyoje, kumuuliza mfiwa hivyo. Kijani.

Kwenye daftari langu mtoto wa Time hakufa. Hakupatikana tu.

Jumamosi, 20 Julai
Leo Nasra sikumpa matone. Chupa nimeificha nyuma ya sufuria.

Nimevunja adabu ya maisha yangu yote. Nimeirudia milango mitano iliyobaki ya "Hakupatikana", nikauliza kwa nini. Bi Fatma, mkwe wake ni mmoja wa waliokosekana, alikuwa barazani na wenziwe. "Umekuwa kadhi siku hizi, Mama Nasra?" kasema. "Tukuletee na mashahidi?" Wakacheka. Nikasimama pale pale, masikio yanawaka. Mwisho kaniingiza ndani, sauti kaishusha. Mjukuu hanyonyi. Analala tu. Mama yake kampeleka kwao Mkokotoni.

Nikamwambia wampeleke hospitali leo hii, na chupa waichukue. Kila mlango nimesema hivyo.

Mmoja kweli kagombana na mumewe. Mmoja kenda harusini Pemba. Watatu wanaumwa, wako kwa bibi zao. Na wa Time. Wanne.

Wanne wote kijani. Wote nimewatia vema mie, kwa mkono wangu huu unaosifiwa.

Jumatatu, 22 Julai
Nimempelekea Dada Rahma karatasi yangu. Kanisikiliza. Kasema wanne ni wachache, na hesabu ya wachache hudanganya, huenda ni bahati. Kasema kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Nikaona atanirudisha nyumbani.

Nikamwambia, "Dada, nyinyi mmehesabu waliokuwepo mlangoni. Kwetu mtoto akiumwa hawepo mlangoni. Anapelekwa kwa bibi yake."

Kafungua kitu kwenye kompyuta, kitu ambacho mie siruhusiwi kukiona. Katazama. Kafunga. Mkono kauweka juu ya kifuniko cha kompyuta muda mrefu.

"Sijui kama ni matone," kasema. "Lakini nimeandika hakuna madhara. Hilo nalo sikulijua."

Makala ishakwenda. Kasema ataandika irudishwe, na atawaambia wakubwa wazisimamishe chupa. Nikauliza lini. Kasema atajaribu leo. Kachukua namba za watoto na vijiji vya bibi zao.

Nikarudi kwa miguu, nikagonga milango yangu yote. Nimewaambia msiwape. Wawili wamenisikia. Wengine wanangoja neno la Bi Zuhura. Mmoja kaniuliza, jana ulisema tuwape, leo tusiwape, kesho utasema nini?

Kasema kweli.

Jumanne, 23 Julai
Nasra hanyonyi.

Jumatano, 24 Julai
Hospitali. Kabla hawajaniuliza nimewaambia anakunywa matone, nikawawekea chupa mezani. Wamemtia mpira wa maji. Mkono wenyewe mdogo, wametafuta mshipa mara nne. Hakulia.

Ningempa vidole vyangu vyote alie.

Alhamisi, 25 Julai
Baba Nasra kakaa nje ukumbini. Najua anachofikiri. Nani alimwandikisha.

Bi Zuhura kaja kututazama. Macho mekundu. Kasema chupa bado hazijasimamishwa, wakubwa wana kikao. Yeye mwenyewe kasimama kugawa.

Jumatatu, 29 Julai
Jambiani, kwa mama. Hospitali walituruhusu Jumamosi. Daktari kasema bado, turudi Alhamisi wamtazame tena. Nikaja huku moja kwa moja. Sikufikiri mara mbili, miguu ilijua njia.

Mama kapanga mto huku na huku, Nasra katikati. Mguu wake mbovu kausahau.

Dada Rahma kaleta ujumbe. Chupa zimesimamishwa, kwa muda. Kupita majumbani kunaendelea. Wenye jarida hawajamjibu.

Leo zamu ya nyumba yetu Malindi. Mwenzangu atakuwa kapiga hodi. Mavyaa wangu kafungua mlango nusu, kasema kenda kwao. Na yule mtoto wa watu, kwa adabu yake, kasema haya bibi, msalimie. Wiki ijayo tena. Mara ya tatu atatia vema. Naijua sauti ya kalamu ile.

Kwa hiyo nimeipeleka orodha upya kwa Dada Rahma, kwa simu. Namba, kijiji, hali. Akajibu hapo hapo. Mara ya kwanza ulileta wanne, hawa watano. Namba moja, Jambiani, huyu ni nani?

Nikaandika: Wangu.

Baada ya adhuhuri Nasra kaanza kulia. Sauti nyembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Mama kanyoosha mikono ambembeleze. Nikamshika mkono. Mwache, mama. Mwache kidogo.