Rula ya Vitu Ambavyo Havijazaliwa

Mzee Jaswant,

Ninyi Makalasinga hamzikani, na hilo linanisumbua. Mtu wa kwetu akifa, unajua pa kwenda kumlilia. Wewe walikuchoma Oktoba iliyopita, Manjit mwanao akapeleka majivu mto Molo, nami nikabaki hapa karakana kama mtu aliyekatikiwa na simu katikati ya maneno. Kwa hivyo naandika. Nimeshainuka kitini mara tatu tangu nianze.

Habari ni hii. Pampu ya maji ya Rongai, ile iliyozeeka kabla sijazaliwa, imekufa. Impela yake, gurudumu la ndani linalosukuma maji, imelika mapanga yote. Akina mama wanateka mtoni kwa punda. Madukani hakuna kipuri. Kilichopo ni sampuli yake ya mti uliyoichonga wewe zamani, na lile pande la chuma ulilokuwa ukilikalia ukinywa chai. Nimeamua kuligeuza kalibu, tumwage alumini iliyoyeyuka ndani yake. Pande ni moja tu. Likikatwa vibaya, basi, Rongai watangoja sijui mpaka lini.

Ndiyo, litakatwa kwa mashine ya kompyuta. Najua. Wiki ile ya mwisho tuligombana juu yake, ukasema, "Wambui, hiyo televisheni haijui chuma." Nikakujibu kwamba dunia imekuacha. Jumatatu yake hukuja kazini. Neno lile bado liko mdomoni mwangu, chungu, na sina wa kumwomba msamaha.

Sampuli yako niliipeleka Nairobi ikapigwa picha pande zote. Ikarudi ndani ya kompyuta ikiwa wavu wa pembetatu ndogondogo, maelfu kwa maelfu, zimeshikana kama nyuzi za kiondo. Ila kiondo chenyewe kilikuwa kimetobokatoboka. Nikiiambia programu itoe gurudumu ndani ya pande ili libaki shimo la kalibu, inakataa, kwa sababu kitu kilichotoboka haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Siku tatu nimeziba matundu, nimepunguza pembetatu, nimetafuta mahali pa kuigawa kalibu mara mbili ili gurudumu litoke bila kung'ang'ania. Mwishowe ikakubali. Nilipiga kelele mpaka mafundi wa jirani wakaja kuchungulia.

Kisha nikaongeza kidogo kila upande, kama ulivyonifundisha, kwa kuwa alumini husinyaa ikipoa. Nikalinganisha na vipimo vya nyumba ya pampu, lile ganda gurudumu linamozungukia. Hata nikiondoa kile kitakachosinyaa, gurudumu lilikuwa pana. Haliingii! Nikalaumu picha za Nairobi. Nikalaumu matundu niliyoziba, nikarudia kazi yote, likatoka pana vilevile. Manjit akaniambia, "Kata tu, dada, tutapiga tupa." Nilimfukuza kwenye karakana ya babake mwenyewe.

Jana nikafungua droo yako kutafuta penseli. Nikakuta ile rula ya chuma uliyonikataza kuigusa. Mwaka wangu wa kwanza niliichukua nipimie kitambaa cha sare ya mtoto, ukanipokonya. "Hii si ya duka, wewe. Hii ni ya vitu havijazaliwa." Nilidhani ni uzee. Jana niliilaza kando ya rula yangu. Sentimita zako ni ndefu kuliko za watu wengine wote.

Nikakaa chini, juu ya lile pande. Sampuli ilikuwa imeshaongezwa, mzee. Kwa rula hii ulikwisha kuchonga kusinyaa kwa alumini ndani ya mti tangu zamani, nami nikaongeza mara ya pili. Nilipofuta nyongeza yangu, gurudumu likaingia sawasawa. Nililia kwa aibu, na kwa hasira pia, maana ungeweza kuniambia tu. Televisheni haikujua chuma. Na mimi sikukujua vya kutosha, miaka kumi na moja.

Kesho pande linapelekwa kukatwa. Siwezi kukaa, siwezi kula, nimepima kila kitu tena asubuhi hii. Nisamehe lile neno. Rula yako sasa inakaa mfukoni mwangu, na yeyote nitakayemfunza kazi nitamwambia siku ya kwanza kabisa ni ya nini, sitangoja akosee.

Pampu ya Rongai huvuta maji kutoka mto uleule yalikopelekwa majivu yako. Siku maji yatakapopanda, nitakwenda nisimame pale yanapotokea, nikuamkie vizuri.

Kwaheri, mzee wangu. Sasa najua pa kukulilia.

Wambui