Mimi na Marehemu Shangazi

Dada yangu mpenzi,

Goti langu limetulia. Mpangaji wa ghorofa ya juu ametunga programu inayotambua upesi, katika mtandao wowote wa nukta na mistari, nukta zinazoweza kubadilishana nafasi bila mchoro kubadilika. Nikampa ukoo wetu: kila mtu nukta, na mstari kati ya wanaozungumza. Hata marehemu shangazi nilimtia, maana wewe humsimulia mambo kaburini.

Kufumba na kufumbua ikatutaja, mimi na shangazi. Kila mmoja ana mstari mmoja tu, unaokwenda kwako.

“Pole, mzee,” akasema mpangaji. “Kwa kompyuta, wewe na marehemu hamna tofauti.”

“Iambie mimi bado nakunywa chai!”

Dada, miaka arobaini ugenini ni mingi. Wape wanao namba yangu. Apige hata mmoja, nitengane na shangazi.

Kaka yako, anayepumua