Kihispania cha Zizini

Jumatatu, 8 Mei 1911. Zuzu, Ugogo.
Leo Bwana Mhandisi wa reli ameniamuru nijifunze Kihispania. Msimamizi wetu wa machimbo ya mawe, Bwana Anselmo, hana lugha nyingine. Yule Mgriki aliyekuwa akimtafsiria amehamia Tabora. Nikasema mimi ni karani, na Kijerumani changu nimekipata kwa miaka minne na viboko visivyo na idadi. Akasema basi hiki cha pili kitakuwa rahisi. Ndiyo, Bwana.
Toka Kilosa mpaka Tabora Mhispania ni huyo mmoja. Akifa, nitazungumza na nani?

Jumamosi, 13 Mei
Somo la kwanza. Kwetu Wagogo humwombi mtu kitu kabla hujamjulia hali — yeye, mama yake, ndugu zake, mbuzi, ndama, zizi. Nikaanza hivyo hivyo. Ng'ombe wa watu walikuwa wakipita, nikaonyesha kwa kidole. Baka. Mbuzi? Kabra. Mzee akanieleza kwa mikono kwamba kwao alichunga kondoo tangu akiwa wa kimo cha goti. Machozi yakamlengalenga. Mtu mwenye ndevu vile!
Kwa saa nzima tulimaliza zizi na ukoo. Maneno ya kazi, hata misumari, hatukuyafikia.

Jumatano, 14 Juni
Bwana Mhandisi kaja kukagua. Akaniambia, muulize Bwana Anselmo anataka mapipa mangapi ya saruji. Nikamsalimu Bwana Anselmo. Nikauliza mama yake, ndugu zake, kondoo wa kwao. Akajibu yote, naye akauliza ya kwangu, mpaka ndama. Mhandisi alingoja, kofia mkononi. Neno la saruji sina. Nikamwambia Mhandisi kwamba mama yake Bwana Anselmo hajambo.
Lydia, mke wangu, anauliza faida ya lugha hii ni nini. Nimemjibu elimu ni bahari. Akasema Ugogo hakuna bahari, na kuni zimekwisha.

Jumatatu, 3 Julai
Jibu nimelipata, ila Lydia simwambii. Zamani Bwana Anselmo alikuwa mtu wa kupiga kelele na kurusha nyundo. Sasa kila asubuhi ananingoja mlangoni aulize ndama wa mama yangu. Anawajua kwa rangi zao. Leo ameniambia kaka yake aliuawa na baruti katika machimbo ya kwao. Kaka, ermano. Neno la kufa tulishalijua kwa ajili ya kondoo. Akaketi. Nikaketi naye. Nampenda mzee huyu, na bila ya maneno yake nisingempenda. Faida ndiyo hiyo.
Mdogo wangu Matonya alikuja toka kwetu Mkonze kutazama mwamba unavyopasuliwa. Kisima anachochimba kimegonga mwamba tangu baba yu hai. Alishinda hapa kutwa, akiuliza maswali.

Jumapili, 23 Julai
Baada ya ibada tumesikia mshindo upande wa Mkonze. Lydia amesema ni radi. Mwezi wa saba.

Jumatatu, 24 Julai
Sanduku moja la baruti halimo ghalani. Amekamatwa mlinzi, Khamisi, Mrangi wa Kondoa. Tumekula naye sahani moja tangu reli ilipokuwa Gulwe. Wanasema itakuwa viboko hamsa ishirini na mnyororo miezi sita. Yeye anasema hajui lolote. Namwamini.

Jumatano, 26 Julai
Mama ametuletea maji. Meupe, matamu, si haya yetu ya kufukua mchangani mtoni. Nikamuuliza ameyapata wapi. Kisimani kwa Matonya, mwamba umepasuka. Kwa kitu gani? Kwa bidii, alisema mama, akatazama pembeni.
Lydia alijaza mtungi. Mimi sikuuliza tena. Nilikunywa.

Jumamosi, 29 Julai
Bwana Shauri, Mjerumani anayehukumu kesi bomani, anataka kujua kama yule Mhispania aliona kitu. Mpaka leo hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa hakuna mwenye lugha. Bwana Mhandisi akasema karani wangu anayo, tena nzuri. Nikasema yangu ni ya zizini tu. Wakacheka, wakanisifu kwa unyenyekevu.
Matonya simwoni. Mama anasema yuko machungani. Naogopa.

Jumanne, 1 Agosti. Bomani, Dodoma.
Saa sita na nusu. Naandika kwa penseli, nje, nimeegemea ukuta.
Nimeapa kwa Biblia. Bwana Anselmo alipoingia barazani alianza kunisalimu. Mama, ndugu, ndama, yule mwekundu na yule wa madoa. Bwana Shauri akauliza shahidi anasema nini. Anauliza ndama wa mama yangu, Bwana. Ikaandikwa.
Kisha akaulizwa habari ya sanduku. Anayajua maneno niliyo nayo. Akayachagua hayo hayo, moja moja, akinitazama mimi tu. Ndugu yako. Jumamosi, asubuhi. Mlango wa ghala. Khamisi hapana, Khamisi kalala. Hakuna neno nisilolijua. Yote niliyaomba mwenyewe, toka siku ya kwanza, kwa mpango wa salamu zetu.
Akatua. Halafu akaongeza: Ndugu yangu amekufa. Wako yu hai. Sema wewe.
Bwana Shauri akanigeukia apate tafsiri. Papo hapo gari la moshi la kutoka pwani likapiga mluzi, lina wakubwa zake. Akainuka. Tutaendelea saa nane, akasema. Hilo nikalitafsiri vizuri, bila haraka.
Nimefungua kibuyu alichonifungia mama. Khamisi ameketi hatua mbili kutoka kwangu, mnyororo shingoni. Ameomba maji. Askari ameruhusu. Amekunywa hadi kibuyu kikawa nusu, akajifuta midomo, akacheka kidogo. Amesema, "Ndugu yangu Nikodemo, tangu nije Ugogo sijaonja maji matamu hivi. Umeyapata wapi?"
Nimejifanya naandika.
Kengele ya saa nane. Askari anamwinua. Bado ananitazama, anangoja nimjibu —