Baba Eliya, Nimeona Ulichokuwa Ukikagua Juu ya Paa

Baba Eliya,

Umeniaibisha. Naanza na hilo ili usije ukajidanganya kwamba nimekuandikia kwa kukukumbuka. Salamu utazipata mwishoni, zikibaki.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye daftari la mistari mikubwa. Ulizoea kunicheka kwamba darasa la tatu niliishia mlangoni. Haya, soma sasa, kama huko mna taa. Herufi ikipinda, pinda shingo.

Kwanza habari za hapa Olmotonyi. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mparachichi umebeba mpaka tawi limeegemea ukuta. Eliya wako ameongezeka tumbo na maneno. Na wewe umekufa mwaka mzima sasa, na bado sijakusamehe ulivyokufa. Miaka hamsini nilisimama chini ya ngazi nikikuambia, "Utaanguka, utaanguka." Mapaa yote uliyopanda, ya makanisa, ya shule, ya maduka kule Ngarenaro, hukuanguka hata siku moja. Ukaja kufa kitandani kwa kifua, umevaa soksi. Ubishi tu.

Siku tunakuzika nilisimama mbele ya watu nikasema: paa la nyumba hii alilipigilia mume wangu kwa mkono wake, hakuna mtu mwingine atakayelikanyaga nikiwa hai. Watu wote wakaitikia amina. Wali ulikuwa unanukia, wangeitikia amina kwa lolote.

Basi masika yakaja. Mvua ya pili tu, tone likaanguka kitandani. Upande wako. Nikaweka sufuria, ikajaa. Nikaweka beseni. Beseni likalala pale ulipokuwa ukilala wewe, linalia to, to, to, na nikuambie ukweli, lina nafuu kuliko mkoromo wako.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mimi, mke wa fundi ambaye watu walimfuata kutoka Makumira, fundi aliyekataa kunywa chai kwenye nyumba aliyoona msumari umepinda, nifungue mdomo niseme kwangu kunavuja? Asubuhi namwaga maji kwenye mchicha, natandika kitanda, naenda ibadani na shingo yangu iko juu.

Mpaka Eliya akaja bila taarifa, akaingia chumbani kutafuta mkasi, akaliona beseni. Nikamwambia naloweka miguu. Akaniuliza, "Juu ya kitanda, mama?" Nikamwambia ndiyo, nikiwa nimelala. Akaangalia dari, akaona doa limekuwa kubwa kama sinia.

Tangu siku hiyo hakunipa raha. "Mama, paa limechoka, tunafumua lote, tunaweka mabati ya kisasa ya rangi." Rangi alikuwa ameshaichagua, bluu, kama baa. Nikamwambia baba yako alipigilia bati hili wewe huna hata jino. Akasema, "Ndiyo maana, mama, bati lina umri mkubwa kuliko mimi." Nikamwambia hata mimi nina umri mkubwa kuliko wewe, je, na mimi utanifumua?

Kusema kweli, Baba Eliya, niliogopa. Wewe hukuacha picha za maana. Ile ya harusi umefumba macho. Nguo zako nimegawa. Kilichobaki ambacho ulikigusa kila mahali, kila shubiri, ni hilo bati. Na mtoto wako anataka kulishusha aliuze chakavu.

Aliyetuamua ni Naserian, yule mjukuu wako uliyekuwa unamwita Mwanasheria kwa kubishana. Hakuwa mwanasheria. Ameajiriwa mjini, anakagua mapaa. Usishtuke, hapandi. Ana kitu kinaitwa droni. Ni kidude cha mapanga manne, ukubwa wa kuku aliyekonda, kinaruka chenyewe, kina jicho chini linapiga picha. Kazi iliyokumaliza magoti wewe, yeye anaifanya amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatafuna karanga. Nilipomuuliza kama mjumbe anajua kwamba anarusha vitu juu ya nyumba za watu, akanionyesha kibali chenye muhuri. Muhuri nauheshimu.

Akasema, "Bibi, hakuna atakayekanyaga paa la babu. Naliangalia kwa juu tu." Tukakubaliana wote watatu, pale pale uani. Droni ikikuta bati limeoza, Eliya anafumua na mimi sisemi neno. Ikikuta zima, Eliya anafunga mdomo wake na rangi yake ya baa.

Siku yenyewe nilifagia uwanja nikavaa kitenge cha kanisani, maana nilisikia kidude kinapiga picha. Kikapaa kikiunguruma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Kuku wote wakaingia chini ya banda, jogoo akiwa wa kwanza, na ndiye tunayemlisha atulinde. Nikakipungia mkono. Naserian akasema, "Bibi, teremsha mkono, hakiangalii watu, kinaangalia misumari." Nikaona hasara ya kitenge.

Lakini nilipoangalia kwenye simu yake! Baba Eliya, sijawahi kuliona paa langu. Nimelala chini yake maisha yangu yote sijui lilivyo. Misumari imejipanga kama watoto wa shule mstarini, hakuna aliyetoka nje. Naserian akaikuza picha, akawa anahesabu kwa sauti ya chini, halafu akasema, "Kila msumari uko kwenye mgongo wa bati. Hata mmoja hauko bondeni. Siku hizi siuoni ufundi huu." Nikamgeukia Eliya. Nikamwambia umesikia? Mgongoni. Baba yako alikuwa anawafukuza watu kazini kwa msumari wa bondeni, kwa sababu maji yanapita wapi? Yanapita bondeni. Nikaimba kidogo. Nikamwambia akanunue hiyo rangi yake apake gari.

Hapo ndipo uliponiaibisha.

Kidude kikavuka kofia ya paa, pale juu kabisa mabati yanapokutana, kikaenda upande wa chumbani kwetu, ule uliofunikwa na mparachichi. Naserian akasema, "Bibi, kile ni nini?" Nikavaa miwani. Nikavua, nikafuta, nikavaa tena.

Benchi langu la jikoni.

Benchi langu, Baba Eliya! Lile dogo la kukalia nikichambua maharage, lililopotea miaka ile, nikasema dada yako Namnyaki ndiye amelichukua! Nilimnyima salamu! Tunakaa kwaya moja, yeye sauti ya pili mimi ya kwanza, tunaimba upendo na hatuangaliani! Na wewe ulikuwa unasikia, unakunywa chai, unasema, "Wanawake, yaacheni hayo." Kumbe benchi uko nalo angani. Umelikata miguu ya nyuma ikawa mifupi ili likae sawa kwenye mteremko. Na pembeni kimesimama kikombe changu cha maua, kimejaa maji ya mvua.

Kila siku yako ya mapumziko, "Mama Eliya, nakwenda kukagua paa." Nami nawatangazia wamama wenzangu kwamba hakuna nyumba inayokaguliwa kama yangu.

Na bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Miguu ya benchi uliishusha ikae kwenye mabonde ya bati. Ukaipigilia. Misumari minne. Bondeni. Wewe! Naserian akaikuza picha mpaka tukaona lami uliyoizungushia, imepasuka pasuka kama kisigino. Akatueleza kwamba lami ile inaonekana imepakwa safu juu ya safu, kama moja kila mwaka, na safu mpya ya mwaka huu haipo. Yaani kila mwaka kabla ya masika ulikuwa unapanda unaziba dhambi yako kimya kimya, na mwaka huu hukuwepo wa kuiziba. Ndiyo maana inavuja. Na inavuja upande wako. Mungu naye ana utani.

Eliya alicheka mpaka akakaa chini na suruali ya kazini. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine. Mtu hakati benchi la mkewe akapanda nalo juu ya nyumba bure. Nikajiuliza, huyu mzee alikuwa anaangalia nini? Na nikajijibu, maana nakufahamu: nyumba ya pili kutoka kwetu kuna yule mjane anayeuza pombe ya mbege, na anapenda kufua nje. Damu ikapanda. Nikamwambia Naserian, kishushe hicho kidude pale juu ya benchi, mahali kinapokaa kichwa cha mtu, ukigeuze kiangalie alikokuwa anaangalia babu yako. Eliya akasema, "Mama, achana na hayo, mzee ameshalala." Nikamwambia nikiona nisichotaka, nitamwamsha.

Akakishusha. Nikaishika simu kwa mikono miwili.

Kwa mjane hapaonekani, pamezibwa na migomba. Hata mlima wa nyuma ya nyumba hauonekani, benchi limeupa mgongo. Kuna upenyo mmoja tu katikati ya matawi ya mparachichi, na matawi yale mtu ameyakata kwa msumeno, siyo upepo. Ukiangalia kwenye upenyo unaona barabara ya vumbi, inashuka mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Basi. Barabara tupu, mbuzi mmoja. Nikasema hamna kitu hapa, mzee alikuwa anaangalia mbuzi.

Naserian akasema taratibu, "Bibi, hiyo si njia unayorudia kutoka soko la Ngaramtoni?"

Baba Eliya.

Siku zote za soko, zile zile ulizokuwa ukijipa mapumziko. Sijawahi kufika nyumbani nikakuta geti limefungwa. Nakaribia tu, hata sijapiga hodi, wewe umeshasimama hapo, unapumua kama umekimbizwa na mbwa, unanyoosha mikono, "Lete mzigo, mama." Kila siku ya soko. Nilikuwa najisifu kwa wamama kwamba mume wangu ananihisi moyoni nikiwa mbali. Nilisema hivyo hata kwenye kikao cha wanawake kanisani, mke wa mchungaji akafuta machozi. Kumbe ulikuwa unaniona kwenye kona! Ukiona kitenge changu unateremka ngazi mbio, magoti yale mabovu, nisije nikakukuta juu nikakufokea.

Sasa nikufokee au nifanyeje? Nilirudisha simu kwa mwenyewe nikaenda kuangalia kama maharage yameungua. Sikuwa nimebandika maharage.

Nikumalizie yaliyotokea. Bati lililooza ni moja tu, lile la benchi. Eliya amekubali ameshindwa, tena alikubali kiume, akasema bluu ataipaka banda la kuku. Ila bati hilo moja lilitaka mtu wa kupanda. Nikakumbuka neno langu la msibani, nikalipunguza: nimesema hakuna mtu mwingine, mtoto wako si mtu mwingine. Akapanda Eliya mwenyewe, bila viatu, anatetemeka kama ndama. Mimi nimeshika ngazi. "Kanyaga kwenye mstari wa misumari, chini yake ndipo palipo na mbao!" Akaniuliza nimejulia wapi. Nimejulia wapi! Nimeshika ngazi hiyo kabla hujazaliwa, nikamwambia.

Alipotoa bati bovu akaweka jipya, akataka kulitupa benchi chini. Nikamwambia ukithubutu. Linarudi mahali pake. Lakini safari hii laza mbao mbili juu ya migongo, benchi likae juu ya mbao, msumari uingie mgongoni, na uwe na mpira wake wa kuzuia maji. Akaniangalia kama nimeugua. "Mama, nani atalikalia?" Nikamwambia hayakuhusu, pigilia. Kikombe nimeteremshiwa. Kile ni changu.

Kwa Namnyaki nilikwenda na sukari na sabuni. Nilimwambia yote nimesimama, bila kukaa. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka, akasema, "Kaka yangu alikuwa na akili, ningekuwa na mume kama wewe na mimi ningepanda paa." Tumepatana. Sasa tukiimba tunaangaliana, na kwa kweli sauti yake ya pili bado haijakaa vizuri.

Chumbani ni kukavu. Beseni limerudi kufua. Upande wako wa kitanda uko mtupu tena, na sikutegemea kwamba nitalikumbuka beseni.

Juzi ilikuwa siku ya soko. Nilirudi na mkungu wa ndizi kichwani. Nilipofika kwenye kona ya mikaratusi nikasimama, nikatazama huku juu nyumbani. Macho yangu unayajua, niliona mti tu. Nikarekebisha kitenge hata hivyo. Nikakutukana kidogo kwa Kiarusha, hakukuwa na mtu karibu. Halafu nikapanda na njia yangu.

Geti lilikuwa limefungwa. Sikulifungua mara moja. Nilisimama pale nje na mzigo wangu kichwani, shingo inauma, nikakupa muda wa kuteremka.

Ndivyo nitakavyofanya kila siku ya soko, nakuahidi, mpaka magoti yangu nayo yakatae. Kwenye kona nitatembea polepole ili unione vizuri. Na kila mwaka kabla ya masika Naserian ataleta kidude chake kikague misumari yako, na Eliya atapanda kuziba panapohitaji, mimi nikiwa nimeshika ngazi. Hakuna atakayefumua.

Salamu zimebaki chache, chukua. Lala salama, mzee mwongo. Na ukiniona kwenye kona usiteremke mbio, bati linateleza. Sasa nasubiri, sifoki.

Ni mimi mwenye benchi,
Mama Eliya