Pantoni Limeokolewa, Mimi Nilikimbia

Jumatatu, mwisho wa Novemba. Makole, Dodoma.

Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Mawingu yanakusanyika upande wa Msalato, kisha yanatawanyika bila kutoa hata tone. Sijaenda kazini. Nimemwambia bosi naumwa tumbo, na huo nao ni uongo.

Tangu jana mnanipongeza humu kwenye ukurasa wangu. Naomba muache kwanza, msome.

Kwa aliyeingia leo: kule bwawani Mtera kuna boti la chuma la zamani, bapa chini, lenye mlango mbele unaoshuka kama daraja. Lilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili askari washuke nalo ufukweni. Vita vilipokwisha likapita mikono mingi, mwishowe likaletwa huku kuvusha watu na mifugo. Wenyeji wanaliita pantoni. Lilipoharibika injini likaachwa kwenye tope, na kila masika maji yakawa yanalifunika na kulila.

Rafiki yangu Yoeli, mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, alizaliwa ndani yake. Mama yake alishikwa na uchungu wakiwa katikati ya maji, wakimkimbiza hospitali. Ndiyo maana wanunuzi wa chuma chakavu walipofika na mitungi yao ya gesi ya kukatia chuma, Yoeli alisimama mbele yao akakataa. Serikali ya kijiji ikamwambia sawa, lakini lipandishwe juu kabla ya mvua. Likizama mwaka huu tena, litauzwa.

Mimi niliandika habari zake hapa. Mkachanga, tukapata trekta na waya wa kuvutia. Nilijiona mtu.

Jumamosi tulilivuta.

Tulilaza magogo chini yake ili yabiringike nalo. Trekta lilivuta kutoka juu. Yoeli na vijana walikuwa nyuma, wakiokota gogo linalobaki na kulipeleka mbele. Mimi nilipewa kazi nyepesi kuliko zote: kusimama ubavuni na kitambaa chekundu, macho kwenye waya. Nikiona unaanza kukatika, nipunge kitambaa na kupiga kelele, dereva asimame na walio nyuma watoke.

Niliona. Uzi mmoja wa waya ulifumuka, ukajikunja, ukafuata wa pili. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa kusema neno moja.

Nilitupa kitambaa nikakimbia.

Sikupiga kelele. Nilikimbia kimya kama mwizi, hadi kwenye miiba. Nyuma yangu nikasikia mlio wa waya, kisha chuma kikiburuzika, kisha watu wakilia. Pantoni lilirudi nyuma hatua chache, likakwama. Gogo moja lilikuwa limepita juu ya mguu wa Yoeli.

Watu walipomzunguka, mzee mmoja aliuliza kwa nini hawakuonywa. Yoeli, uso umejaa jasho, akajibu, "Festo alipiga kelele. Trekta lilikuwa linanguruma, hatukusikia."

Nikanyamaza. Nilinyamaza njia nzima hadi Dodoma, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Jana Jumapili, watu wa kijiji walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja bwawani. Wakafunga waya mpya, wakalivuta hadi juu kabisa, maji hayalifikii tena. Mimi nilikuwa hapa nimejifunika shuka. Walinitumia picha, wamesimama juu ya ule mlango wanacheka, na chini yake wameandika: Asante Festo.

Nikaiweka hapa. Ndiyo, niliiweka. Nikawajibu mmoja mmoja kwa pongezi zenu.

Leo mchana nilikwenda hospitali. Mke wake, Mama Tausi, alinikaribisha kwa mikono miwili. "Shemeji, Mungu akubariki. Ulipiga kelele, ni trekta tu lililokuzidi sauti."

Pale nikashindwa. Nikamwambia Yoeli mbele yake, "Sikupiga kelele. Kwa nini ulisema nilipiga?"

"Najua hukupiga. Nilikuwa nakutazama wewe, si waya."

"Ulinihurumia?"

Akafumba macho kidogo. "Hapana, Festo. Wangejua, wangekugeukia wewe. Ingekuwa ugomvi, kila mtu angeshika njia yake, na pantoni lingebaki majini. Nilitaka lipande."

Siku mbili nzima nilikuwa nimeamini kwamba rafiki yangu amenifunika kwa upendo. Kumbe hata uongo ule haukusemwa kwa ajili yangu.

Mama Tausi hakunitazama. Alimtazama mumewe muda mrefu, kisha akasema, "Shemeji, toka kidogo."

Nilikaa kwenye benchi la nje. Alipotoka na chupa ya chai akasimama mbele yangu. "Jambo hili kijijini watalisikia kwako, au walisikie kwangu?"

"Kwangu."

"Basi piga simu sasa hivi."

Nikampigia mwenyekiti wa kijiji. Walikuwa wote bwawani, wanagonga kutu kabla ya kupaka rangi, akaniweka kwenye spika. Nikasema yote: kitambaa, miiba, kimya changu. Nilisikia nyundo zikinyamaza moja baada ya nyingine. Niliendelea kusema. Nilisema jinsi nilivyokosa usingizi, jinsi ninavyojichukia, jinsi nisivyostahili jina langu kuandikwa popote. Nililia pia.

Nilimaliza. Nilisubiri matusi. Nadhani niliyatamani.

Kisha sauti ya mwanamke, kwa mbali, ikauliza, "Na mguu wa mwalimu? Madaktari wanasemaje?"

Nilikuwa nimeingia wodini, nimekaa kitandani kwake, nimekiri, nimelia, na sikuwa nimeuliza.

"Ngojeni," nikasema.

Nikainuka kwenye benchi, simu ikiwa bado mkononi, nikarudi ndani kumuuliza.